Ndege ya pili iliniacha, begi likafika siku nne baadaye. Safari hii nifanyeje?

Ndugu mshauri, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 58, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam. Ni mtu wa presha, natumia dawa kila siku. Oktoba mwaka jana nilikwenda Ujerumani kumtazama binti yangu aliyejifungua, anaishi Dortmund. Tiketi nilikatiwa na wakala hapa mjini: kutoka Dar, kuunganisha ndege katika mji mmoja katikati, kisha Frankfurt. Baina ya ndege ya kwanza na ya pili palikuwa na saa moja na dakika ishirini.

Ndege ya Dar ikachelewa kuondoka kwa muda wa saa tatu. Kufika kule, ya pili imeshakwenda. Nikapangiwa ya kesho yake, nikalala kwenye viti, chakula nikajinunulia. Tiketi ya treni ya Frankfurt hadi Dortmund aliyonikatia binti ikapotea bure. Frankfurt nako begi halikutokea kwenye mkanda. Nilisubiri hadi watu wakaisha, nikaondoka zangu. Binti akapiga simu kesho yake ndipo likaanza kutafutwa, likaja siku ya nne na gurudumu moja limevunjika. Dawa zangu zilikuwa humo humo.

Na mwili nao! Nilikuwa na mafua, wakati wa kutua masikio yakaniuma mpaka machozi yakanitoka. Miguu ilivimba, viatu vikakataa kuingia.

Shirika halikunipa kitu zaidi ya "tunasikitika". Juni nakwenda tena. Nauliza: naweza kudai chochote kwa yale ya nyuma? Safari hii nijipange vipi? Na dagaa, maembe na asali ya Tabora naruhusiwa kuingia navyo? Jirani yangu ananiambia vyote vinatupwa.

Bibi Mpya, Tabata

*

Mama, shikamoo. Pole kwa yaliyokukuta na hongera kwa mjukuu.

Tuanze na madai, maana hayo yana siku zake na siku hazikusubiri. Safari kama yako inaongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, na Tanzania na Ujerumani zote zimo. Mkataba huo unatenganisha mambo mawili ambayo abiria wengi huyachanganya: kuchelewa kwa begi na kuchelewa kwako wewe.

Begi lililoharibika hulalamikiwa ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Yote mawili kwa maandishi. Simu tupu ni ushahidi mwembamba. Muulize binti kama katika siku zile aliandika baruapepe yoyote au kujaza fomu kwenye tovuti ya shirika. Kama aliandika, mnalo la kusimamia. Kama hakuandika, hilo la begi na gurudumu lake lisamehe, usipoteze nauli ya daladala kulifuatilia.

Kuchelewa kwako mwenyewe ni habari nyingine. Huko hakuna siku 21. Kikomo ni miaka 2 ya kufungua shauri, kuanzia siku uliyofika au uliyotakiwa kufika, kwa hiyo bado umo ndani ya muda. Lakini mkataba huu haulipi uchovu wala kulala kwenye viti. Unalipa hasara unayoweza kuionyesha: risiti za chakula, tiketi ya treni iliyopotea. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo wa fidia ya abiria aliyecheleweshwa ni SDR 6,303, na wa mzigo ni SDR 1,519, yaani kama dola 2,000 za Marekani hivi. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Wengi wakisikia tarakimu hizo hudhani ndizo watakazopewa. Hapana, hicho ni kiwango cha juu kabisa, wewe utapata kile ulichopoteza. Na shirika likithibitisha kwamba lilifanya kila lililowezekana kuzuia ucheleweshaji, linaweza kukwepa.

Liandikie barua fupi. Weka herufi sita za nafasi yako (booking reference), namba ya tiketi yenye tarakimu 13, tarehe, saa uliyotakiwa kufika Frankfurt na saa uliyofika, orodha ya ulicholipa pamoja na picha za risiti, na akaunti ya kulipwa. Masimulizi yaache. Wakikaa kimya au wakikukatalia bila sababu, peleka nakala kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ambayo ina baraza lake la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga.

Kuna sheria nyingine iliyo nene zaidi, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004. Hiyo inamgusa abiria yeyote anayeondokea nchi ya Umoja huo, ndege iwe ya nani. Anayekwenda huko akitokea nje inamgusa tu kama ndege ni ya shirika lenye leseni ya nchi ya Umoja huo. Angalia basi ndege zako za Oktoba zilikuwa za nani. Kama ni za shirika la Umoja wa Ulaya na tiketi ilikuwa moja, una dai la euro 600. Kama si la Umoja huo, safari ya kwenda haimo, ila safari ya kurudi imo, hata kwa shirika la Kiarabu au la Kiafrika. Ukifika Dar umechelewa saa 3 au zaidi kwa tiketi moja iliyoanzia Ujerumani, fidia ya umbali wa zaidi ya kilomita 3,500 ni euro 600, au 300 kama ucheleweshaji haukufika saa 4. Hali ya hewa mbaya au kufungwa kwa anga huwaondolea fidia hiyo. Chakula na mahali pa kulala wakati unasubiri ni deni lao hata hapo. Kuna kampuni mtandaoni zinazojitolea kukudaia, nazo hukata fungu nono la pesa yako kwa kujaza fomu ambayo binti yako ataijaza kwa nusu saa.

Sasa tiketi ya Juni, maana shida yako ya mwanzo ilinunuliwa siku ile ile ulipolipa. Tazama hesabu ya dakika zako 80. Geti hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuruka, zikabaki 60. Kushuka kutoka viti vya nyuma vya ndege kubwa ni dakika 20 na ushee, na kama mnabebwa kwa basi, ongeza. Kisha begi la mkononi linapita tena kwenye mashine ya ukaguzi na foleni yake, halafu kutembea hadi geti jingine. Hata ndege ya Dar ingeondoka kwa wakati, ungefika ukihema. Mwambie wakala unataka nafasi ya saa 3 hadi 5. Muulize pia kama baada ya ndege yako ya pili kuna nyingine siku hiyo hiyo. Ukiachwa na ya mwisho ya siku, umelala.

Hakikisha ni tiketi moja, si mbili zilizounganishwa na wakala ili bei ishuke. Kwenye tiketi moja, shirika lina wajibu wa kukufikisha ukiachwa kwa sababu yao. Kwenye tiketi mbili, ndege ya pili inakuhesabu kama abiria aliyelala nyumbani, unanunua upya. Swali la kumbana nalo wakala ni hili: "Begi langu linakwenda moja kwa moja mpaka mwisho, na nikiachwa na ndege ya pili nani anagharamia?" Akianza kuzungukazunguka, nenda kwa wakala mwingine.

Halafu, kwa nini Frankfurt? Mtu wa Dortmund anashukia Düsseldorf. Treni kutoka uwanja wa Düsseldorf hadi Dortmund ni kama saa moja hivi. Kutoka Frankfurt ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Tiketi ya treni ya bei ya chini iitwayo Sparpreis imefungwa na treni moja ya saa maalumu, ndiyo maana yenu ilikufa. Binti akukatie Flexpreis, isiyofungwa na treni moja, au asubiri utue ndipo anunue ya treni za mkoa, zile zenye herufi RE, ambazo hazina mkasa huo.

Saa za tiketi nazo huwaponza wengi wetu. Zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, na siku yao inageuka saa sita usiku. Tiketi ikisema Jumamosi 03:35, hiyo ni saa tisa na dakika thelathini na tano, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Uwanjani unatakiwa Ijumaa usiku, saa sita umeshafika. Wapo wanaokwenda Jumamosi usiku wakakuta ndege ilishaondoka jana yake. Na ukiona kwenye tiketi jina lako limegandana na herufi MRS mwishoni, usishtuke, hilo ni "Bibi" tu limeunganishwa na mfumo. Kosa la kukimbilia kurekebisha ni la herufi ya jina lenyewe kutolingana na pasipoti, nalo lirekebishwe wiki kadhaa kabla, si kaunta.

Siku mbili kabla ya safari, ng'oa vijikaratasi vyote vya zamani kwenye begi, pamoja na vile vistika vidogo vya mistari vinavyobandikwa pembeni. Mashine za kupangia mizigo husoma mistari hiyo, na kistika cha Oktoba kinaweza kulipeleka begi kusikojulikana. Lipige picha kwa nje, kisha ulifungue upige picha ya vilivyomo. Weka ndani karatasi yenye jina lako, simu ya binti na anwani ya Dortmund, kwa sababu lebo ya nje ikichanika wanafungua na kutafuta hapo. Uzito pima nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza. Ruhusa inatofautiana kwa shirika na aina ya tiketi, 23 ikiwa ya kawaida, na begi moja likizidi kilo 32 kwa kawaida hukataliwa hata ukilipia.

Pale kaunta, usiondoke kabla ya kusoma lebo wanayoifunga. Mwisho wa safari uwe DUS, au FRA kama umeng'ang'ania Frankfurt. Ukiona herufi za mji wa katikati ndizo za mwisho, begi litaishia huko. Kipande wanachokupa kina tarakimu 10, ndizo kitambulisho cha begi. Kipige picha papo hapo, maana hicho kikaratasi kwa kupotea hakina mfano.

Begi la mkononi ndilo safari yenyewe, hilo kubwa ni mzigo tu. Humo weka dawa za presha za wiki nzima katika pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, nguo ya kubadili, chaja, plagi ya pini mbili za mviringo ya Ujerumani, na risiti zote. Vimiminika kila chupa isizidi mililita 100, zote ziingie kwenye mfuko mmoja wa zipu wa lita 1. Usiogope marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2019, mfuko wa zipu wa vitu vya kujisafi anaobaki nao msafiri uliruhusiwa. Pawabenki iwe mkononi, kamwe si kwenye begi kubwa. Ya mAh 20,000 ni kama saa-wati (Wh) 74, iko chini ya 100 zinazoruhusiwa bila kuomba kibali. Dawa usihofu kupishana saa, kwani Juni Ujerumani ipo nyuma yetu kwa saa moja tu.

Ikitokea ndege ya kwanza imechelewa tena, anza kazi kabla ya kutua. Mwambie mhudumu saa ya ndege yako ya pili. Wakati mwingine huwatoa kwanza wenye haraka, au hukuta mtu wa shirika mlangoni. Ukishaachwa, nenda moja kwa moja kaunta ya wanaounganisha ndege, na ukiwa kwenye foleni binti apige simu shirika akiwa na zile herufi sita. Simu mara nyingi inashinda foleni. Omba vitu vinne kwa majina yake: nafasi mpya, kuponi ya chakula, mahali pa kulala, na karatasi yenye sababu na muda wa kuchelewa. Oktoba hukuomba mahali pa kulala, na hawakujisumbua kukukumbusha. Kama nafasi ya Düsseldorf imejaa, taja mwenyewe Köln au Frankfurt, wao hawajui binti anaishi wapi. Mwisho waulize begi limehamishiwa ndege gani, waangalie kwenye mfumo mbele yako.

Na kama mkanda ukizunguka mtupu, hapo ndipo pa kuwa mkaidi. Usitoke nje ya ukumbi wa mizigo. Tafuta dawati la mizigo iliyopotea, lipo humo humo, na ukishatoka kurudi ni taabu. Utajaziwa ripoti iitwayo PIR, ambayo namba yake ina herufi tano na tarakimu tano: herufi tatu za uwanja, mbili za shirika. Bila namba hiyo unamtafuta mtu sokoni bila kujua jina lake. Ukiwa nayo binti atafuatilia mtandaoni. Acha anwani ya Dortmund waje nalo nyumbani. Ripoti hiyo bado si lile dai la siku 21, barua yake iandikwe mbali. Nunua vitu vya lazima tu, chupi, mswaki, sweta, na utunze risiti. Viatu vya ngozi vya kumkomoa mtu hawatavilipa. Begi lisipoonekana kwa siku 21 linahesabiwa limepotea. Chungulia pia bima uliyoinunulia viza, ile ya euro 30,000 za matibabu, kwani baadhi zina kifungu cha mizigo kuchelewa.

Masikio: hewa ndani ya ndege imeshinikizwa iwe kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, juu kuliko mji wa Mbeya. Ndege ikishuka shinikizo linaongezeka, na mrija unaosawazisha sikio na koo ukiwa umezibwa na mafua, ngoma ya sikio inavutwa kwa ndani. Mwambie mhudumu akuamshe nusu saa kabla ya kutua, kwa sababu aliyelala hamezi mate. Tafuna, meza, na kila dakika chache bana pua, funga mdomo, sukuma pumzi taratibu, usilazimishe. Dawa za kunyunyiza za kuzibua pua zinaweza kupandisha presha, kwa hiyo wewe usizitumie bila daktari. Maji ya chumvi ya puani hayana neno. Ukiwa na mafua mazito wiki ya safari, pita hospitali kwanza.

Miguu, chukua kiti cha ujiani wakati wa kujiandikisha mtandaoni, simama kila saa moja au mbili, zungusha vifundo, na usijaze begi pale miguu inaponyooka. Soksi za kubana muulize daktari wako, azipime. Uvimbe wa miguu yote miwili sawasawa hushuka siku ya pili. Mguu mmoja tu ukivimba ukauma na kuwa wa moto, au kifua kikabana, hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda.

Jirani yako kapatia nusu. Dagaa wakavu wa kula nyumbani wanaingia, samaki wameruhusiwa hadi kilo 20, nawe hufiki huko. Asali hadi kilo 2, lakini iende kwenye begi kubwa maana ukaguzi wanaihesabu kimiminika. Ifunge mifuko miwili na kuizungushia kanga. Maembe yanataka cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kwa maembe sita sioni faida ya kukihangaikia. Nanasi, nazi na ndizi havihitaji cheti hicho. Nyama ya aina yoyote, maziwa na samli usijaribu, hata kopo dogo.